Chepseon: Mfu wa Mwenzio Huandikwa Daftarini

Ndugu msomaji, unapokwenda kuhani mahali ukaketi mkekani, kisha ukaletewa kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi, hutarajiwi kuuliza majani yale yametoka wapi. Huo si wakati wake. Lakini leo hebu tuulize. Chai iliyo nyingi ya Kenya hupitia mnadani Mombasa, na sehemu kubwa ya chai hiyo huchumwa Kericho na Bomet, katika vilima vya Wakipsigis. Ukiifuata barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho, ukaipita njia panda ya Londiani, utafika kwenye soko dogo liitwalo Chepseon. Wengi wetu tumelipita hilo tukielekea Kisumu, wala hatukuligeukia. Ni maduka, ni vijana wa bodaboda wakingojea abiria, ni mama wanaouza viazi na kabeji kando ya njia, na nyuma yao mashamba ya chai na mahindi yanayoteremka bondeni. Baridi ya huko si ya mchezo kwa mtu aliyezaliwa penye joto la bahari, maana ardhi yenyewe iko mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa maji.

Katika soko kama hilo, si rahisi kumpata mtu mzima asiyekuwa katika kundi. Wako kina mama wa mzunguko, ambao kila juma au kila mwezi huchanga na kumpa mmoja wao kitita chote. Wako wakulima wa chai wanaopima majani katika kituo kimoja. Wako wenye bodaboda, wako watu wa kanisa moja, wako waliosoma darasa moja. Makundi haya yalianzishwa kwa sababu mbalimbali: kununua viti, kufuga kuku, kukopeshana karo. Lakini ulitazame kundi lolote baada ya miaka michache, utaona kwamba kazi iliyo kubwa kuliko zote, na ambayo hakuna anayethubutu kuikosa, ni msiba. Siku moja litatoka tangazo kwamba kundi fulani linampa pole mwanachama wake aliyefiwa na baba mkwe wake. Siku nyingine ni dada wa mwanachama. Siku nyingine ni mjukuu.

Hapo ndipo mtu wa Pwani atakapouliza: je, huyo baba mkwe alikuwa mwanachama? Hakuwa. Alitoa ada? Hakutoa hata senti. Pengine aliishi wilaya nyingine kabisa, na hakuna mmoja katika kundi aliyepata kumwona kwa macho. Basi kwa nini watu thelathini waache kazi zao, wachange, wakodi gari, waende kumlilia mzee wasiyemjua?

Wahenga wetu walisema, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Maana yake ni kwamba marafiki wa karamu ni wengi, lakini siku ya kufa atakayekuwa nawe ni wa tumbo moja. Mimi nilikulia katika methali hiyo na sikuiona ila. Makundi ya Chepseon, bila ya kukusudia ubishi wowote na wahenga wetu, yanasema kinyume chake. Yanasema kwamba wanaokula pamoja na wawe ndio watakaozikana, na zaidi ya hapo, wazikiane wazaliwa nao.

Hebu tuitazame kazi yenyewe inavyokwenda. Kundi huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na huwa na daftari. Mwanachama anapojiunga huandikisha majina ya watu wake: mume au mke, watoto, baba na mama, na katika makundi mengi wazazi wa upande wa pili pia. Huwekwa kiasi cha kuchangwa kwa kila daraja ya ujamaa. Akifa mwanachama mwenyewe, mchango ni mkubwa. Akifa mwenzi wake au mtoto wake, mchango ni wa pili yake. Akifa mzazi, ni wa tatu. Zaidi ya fedha kuna kazi za mikono: kuchota maji, kupasua kuni, kupika, kuosha masufuria. Kundi lililojimudu huwa na hema, viti na sufuria zake, nazo huwa mali ya heshima, kwa kuwa mwenye msiba hukodishiwa kwa bei nafuu au hupewa bure, na wa nje hutozwa.

Chai nayo haingoji mtu akaushe machozi. Anayechuma majani mawili na chipukizi lake hana budi kurudi kwenye mstari ule ule baada ya siku chache, la sivyo majani hukomaa, yakawa magumu, kiwanda kikayakataa. Mfiwa akikaa ndani juma zima, amepoteza pato la juma hilo na ameharibu la juma la pili. Ndiyo maana jirani anayejua shida hiyo akiingia shambani mwa mwenziwe na kikapu mgongoni, amefanya jambo kubwa kuliko kumshika mkono na kumwambia pole.

Sasa, ugomvi katika makundi haya haupatikani katika mambo hayo. Ugomvi umo katika orodha ya majina. Nani ni jamaa? Mtu ana mama wawili, mke mkubwa na mke mdogo wa babake. Je, wote wawili waandikwe, au aliyemzaa tu? Mwingine amelelewa na shangazi tangu utoto, na mama mzazi hamjui vizuri. Akifa shangazi, kundi litoe mchango wa mzazi ama lisitoe kitu? Mwingine ana ndugu kumi na wawili wa baba mmoja. Wakiandikwa wote, kundi litakuwa kila mwezi njiani kwenda mazishini kwa mtu mmoja, na yule aliyezaliwa peke yake atanung'unika kwamba anawazikia wengine bila ya yeye kuzikiwa. Baadhi ya makundi huamua kwa hesabu: kila mtu majina kadhaa, ajichagulie mwenyewe. Fikiri, ndugu msomaji, uketi mbele ya katibu na kalamu, uambiwe uwataje watu wako sita ambao kifo chao kitakuwa msiba rasmi, na wa saba aachwe. Sidhani kuna mtihani wa shule ulio mgumu kama huo.

Wanaoujua uzito wa jambo hili ni wanawake. Miongoni mwa Wakipsigis, kama ilivyo kwa makabila mengi ya bara, binti akiolewa huhama kwenda kwa mumewe, na ardhi na ng'ombe na ukoo wa kuhesabiwa ni wa huko alikokwenda. Atakaa miaka thelathini, atazaa, atazeeka. Siku mama yake mzazi atakapofariki, pengine upande wa Bomet au Sotik au mbali zaidi, msiba ule si wa nyumba ya mumewe kwa ukamilifu. Mume ataagana na shemeji zake na kutoa kinachompasa, lakini atafika huko kama mkwe, hatafika kama mwana. Naye mwanamke, akirudi kwao peke yake na mkoba mkononi, ndugu na mawifi watamtazama: huyu aliyeolewa mbali, amekuja na nini?

Hapo ndipo gari la kundi linapokuwa na maana. Mwanamke aliyefiwa na mama yake anateremka na wanawake ishirini nyuma yake, wote wamejifunga leso za aina moja au wamevaa fulana za kundi, wamebeba sukari, unga na majani ya chai. Hawakumjua marehemu. Wala hawakujia kwa ajili ya marehemu. Wamekuja ili mwenzao asisimame peke yake katika boma alilozaliwa. Kwa siku hiyo wao ndio ukoo wake. Nikiulizwa faida ya kuwaandika daftarini watu wasiotoa ada, nitajibu kwa picha hiyo, na sina nyingine iliyo bora.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mila za kale zilizorithiwa kutoka kwa mababu. Desturi ya kale ilikuwa nyingine kabisa, na pengine itamshtua mtu aliyelelewa katika maziko ya Kiislamu. A. C. Hollis, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909. Wanandi ni ndugu wa Wakipsigis kwa asili na kwa lugha, na desturi zao za kifo zilikaribiana. Aliandika kwamba maiti hakuzikwa. Alichukuliwa usiku akalazwa nje, upande wa magharibi wa makazi, ili fisi wamwondoe. Waliozikwa walikuwa wazee waliokula chumvi nyingi na watoto wachanga, nao walizikwa karibu na zizi la ng'ombe. Jamaa wa karibu walinyoa nywele. Wenye kushughulika na maiti walikuwa wachache, wa karibu sana, na baada ya kazi yao walijitakasa. Kaburi la kuzuru halikuwako, wala halaiki ya waombolezaji.

Isidhaniwe kwamba waliwadharau wafu wao. Mtoto alipozaliwa, wanawake waliketi na kuyataja majina ya waliotangulia katika ukoo, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati wa chafya ndilo lililokuwa lake, kwa kuwa marehemu yule amekubali kurudi kwa watu wake. Wako wanaoifuata desturi hiyo hata leo, pamoja na ubatizo. Kwa hivyo mahali pa kumkumbuka aliyekufa hapakuwa kaburini, palikuwa katika jina la aliye hai.

Halafu dunia ikageuka. Reli ilifika Lumbwa, ambako leo ni Kipkelion, mwaka 1901, na wenyeji walinyang'anywa ardhi kwa ajili ya walowezi. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yalifungua mashamba ya chai Kericho. Brooke Bond lilianza 1924. Wamisionari wakaja na kaburi, jeneza na ibada. Ardhi ya pamoja ikakatwa vipande, kila mtu na chake na hati yake, na baada ya uhuru mkulima mdogo akapanda chai yake mwenyewe chini ya shirika la KTDA lililoundwa 1964. Mtu mwenye shamba lake huzikwa shambani mwake, na kaburi huwa kama shahidi wa pili wa hati: hapa ni petu, baba amelala hapa. Maziko yakawa mambo makubwa, ya hema, ya viti, ya gari la kuchukua maiti, ya picha ya marehemu katika fremu na karatasi za ratiba zilizopigwa chapa.

Na yakawa mambo ya fedha. Maiti hukaa mochari siku saba, kumi, au kumi na nne, na kila siku ina ada yake. Kila jioni jamaa na majirani hukutana nyumbani kwa marehemu, kamati ya mazishi huketi, mchango huhesabiwa. Zamani jamaa wa mbali walipata habari kwa matangazo ya vifo ya Sauti ya Kenya, ambayo wengi tuliyasikiliza kwa masikio yaliyosimama. Sasa ni redio za lugha za kienyeji na simu za mkononi. Wakipsigis walikuwa tangu zamani na kokwet, yaani ujirani wa nyumba kadhaa ambao wazee wake hukaa pamoja wakaamua kesi na kupanga kazi za kusaidiana. Kokwet ilijua kujenga nyumba na kulima. Gharama za mochari hazikuwako katika hesabu zake. Pengo hilo ndilo lililozibwa na kundi lenye daftari.

Nitasema kidogo yaliyonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mfanyakazi mwenzangu alifiwa na baba yake, upande wa Kericho, nami nikaona ni wajibu wangu kwenda. Nilifanya kama tufanyavyo kwetu: nilifika, nikampa mkono, nikatoa ubani wangu katika bahasha, nikasema maneno yanayosemwa, na baada ya nusu saa nikaanza kumtafuta dereva. Mzee mmoja akanijia kwa upole akaniuliza kama nimeandikwa. Nikadhani anataka jina langu kwa sababu ya ile fedha. Akanionyesha kitabu, watu wamo kwenye mstari wakiandika majina yao na mahali walikotoka, na bahasha haikutajwa. Nikaandika. Kisha akanionyesha kiti. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka saa kumi, nikasikiliza hotuba ya kila shemeji na kila mwalimu mkuu, katika lugha nisiyoijua, na jua la saa nane likaja mvua ya mawe juu ya hema. Nilikasirika kimoyomoyo. Jioni mwenzangu aliponisindikiza hakuitaja bahasha yangu hata kidogo. Alisema tu kwamba wazee wameuliza yule Mswahili ni nani aliyekaa mpaka mwisho.

Sisi wa Pwani twaweza kujisifu kwamba maziko yetu ni mepesi. Mtu akifa alfajiri huzikwa adhuhuri. Akifa jioni huzikwa asubuhi. Sanda ni vitambaa vichache, tusi ni la msikiti, wachimbaji wa kaburi ni vijana wa mtaa, na kumswalia maiti ni faradhi ya kutoshelezana: wakiifanya baadhi, imewaondokea wote. Mgeni aliyekufa katika mtaa asiokuwa na jamaa atapata watu wa kumwosha, kumswalia na kumzika, wala hatuulizi jina lake limo katika daftari gani. Hilo ni jambo kubwa na hatuna haja ya kulionea haya.

Lakini tuwe wakweli. Wepesi wetu huishia kaburini. Tukirudi nyumbani huanza matanga, na matanga yana masufuria yake. Mtume alipoletewa habari ya kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, aliwaagiza watu wawapikie chakula watu wa nyumba ya Jaafar, kwa kuwa walikuwa wameshughulishwa na msiba. Sisi tumelipindua agizo hilo: mfiwa ndiye apikaye, nasi ndio tulao. Masheikh wetu wamelisema hili tangu zamani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu, alitumia magazeti yake ya miaka ya 1930 kuwaonya Waislamu wa Pwani juu ya mila za gharama zisizo na asili katika dini. Ubishi juu ya hitima na vyakula vyake haujesha hata leo. Mama wa Chepseon wanaoteremka garini na unga na sukari zao, pasina kusoma kisa cha Jaafar, wamelishika lile agizo kuliko wengi wetu.

Wala kuzikana kwa chama si kitu kigeni kwetu. Vyama vya beni vilivyovuma Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20 vilikuwa na ngoma na mashindano na vyeo vya kujipa, lakini pia vilisaidiana katika maradhi na maziko, hasa watu waliokuwa ugenini mjini bila ya ukoo. Huko Kagera, Tanzania, viko vyama vya maziko vya vijijini ambavyo wataalamu wa uchumi wamevichunguza kwa makini wakastaajabu jinsi vilivyopangika. Kigezi, Uganda, watu wa milimani wana vyama vya engozi, yaani machela: wanachama humbeba mgonjwa mabegani mpaka hospitali, na akifa humrudisha kwa machela ile ile. Ethiopia nao wana idiri, na nyumba zisizokuwa katika idiri yoyote ni chache. Popote penye watu waliohama kwao, au ambao ukoo wao hautoshi tena kubeba gharama ya kufa, utakikuta chama.

Katika miaka ya karibuni daftari la Chepseon limepata mshindani, nalo ni simu. Tangu M-Pesa ilipoanza 2007, mchango hauna haja ya miguu. Kundi la WhatsApp hupokea habari ya kifo, katibu huweka orodha, na kila aliyetuma hujiongeza jina na kiasi chake. Kijana aliyeko Nairobi au Doha anatoa sawasawa na aliyeko jirani, na pengine zaidi. Fedha zimeongezeka, sina shaka. Makundi mengine yameweka faini kwa asiyehudhuria hata kama ametuma mchango wake, na asiyekubali faini hutolewa. Wako wanaoona huo ni ukali usio na maana. Mimi baada ya kile kiti cha chini ya mvua ya mawe, siwezi kuwa upande wao.

Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona na serikali ikaamuru mazishi yasizidi watu 15, na yafanywe upesi. Sisi Waislamu upesi hatukuuona mgeni. Uzito wetu ulikuwa katika kumkosa marehemu watu wa kumswalia. Bara ilikuwa mshtuko juu ya mshtuko. Kundi la watu thelathini lilikuwa halitoshei katika 15, na jamaa wenyewe walitangulia kuhesabiwa. Michango ilitumwa kwa simu, na aliyefiwa alibaki na fedha mkononi na boma tupu.

Lakini mtihani mkubwa wa makundi haya ulikuja miaka mitatu baadaye, na haukuwa ugonjwa. Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, sisi tukiwa bado katika siku za tashriki baada ya Idi Kubwa, jioni saa kumi na mbili na nusu hivi, lori lililobeba kontena lilikosa mwelekeo kwenye njia panda ya Londiani, mwendo mfupi kutoka Chepseon. Lilitoka barabarani likavamia matatu zilizokuwa zikipakia, likavamia bodaboda, likavamia mama waliokuwa wakiuza mboga na watu waliokuwa wakinunua wakirudi makwao. Shirika la Msalaba Mwekundu lilisema mvua kubwa ilitatiza uokoaji. Waliokufa walizidi 50.

Barabara hiyo tunaijua. Ndiyo ipelekayo mizigo ya bandari yetu Uganda, Rwanda na Kongo. Kila siku makontena yaliyoteremshwa Kilindini hupita mbele ya vibanda vile. Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi wakati huo, alitangaza kwamba masoko yaondolewe kandokando ya barabara kuu. Mtu aweza kuuliza mama wa mboga atauza wapi kama si penye wapita njia, lakini hilo ni la ukurasa mwingine.

Linalotuhusu hapa ni daftari. Chama cha kuzikana, kiwe cha Chepseon au cha Kagera, kimejengwa juu ya dhana moja ambayo hakuna anayeitaja: kwamba kifo kitaingia nyumba moja kwa wakati mmoja. Ishirini na tisa watabaki wazima wa kumbeba mmoja. Yule mmoja atalia, wengine watapika. Hesabu yote ya ada na madaraja imesimama hapo. Jioni ile kifo kilikwenda sokoni, mahali ambapo watu wa kundi moja husimama bega kwa bega kwa sababu ni wa kundi moja: wauzaji wa safu moja, madereva wa kituo kimoja, jirani na jirani aliyemsindikiza. Katika hali kama hiyo mwenyekiti aweza kuwa mfiwa na mweka hazina mfiwa, na mama ambaye kila mara ndiye apewaye kazi ya kuzungukia nyumba na kukusanya unga ndiye leo anayehitaji kuletewa unga.

Kwetu tuna msemo kwamba kifo cha wengi ni harusi. Husemwa ili kumpoza mtu: usione kwamba msiba umekufika wewe peke yako. Nimeusikia mara nyingi na nimeusema mwenyewe. Tuliokuwa Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 tuna haki ya kuutilia shaka. Ilikuwa Ijumaa pia, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipozama ikiwa na watu waliokuwa wakivuka kwenda kazini kisiwani, na wakafa watu 272. Walitoka mitaa ile ile, njia zile zile. Ilikuwa mtu atoke nyumbani kwake kwenye msiba aende kuhani nyumba ya pili, na mwenye nyumba ya pili hayupo, naye amekwenda kuhani kwa yule wa kwanza, wakakutana njiani.